Spea Babati: Jina la Injini Ndilo Bei

Mwaka 2018 barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa rasmi. Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu 2002, ukawa kiungo cha lami kati ya Arusha, Dodoma na Singida. Penye magari pana gereji, na penye gereji haikosi kazi ya oil inayovuja.

Uvujaji mdogo hauhitaji kushusha injini. Gasketi ya tapeti kava hukakamaa kwa joto, na wosha ya nati ya sampo huchoka kwa kufunguliwa mara kwa mara. Fundi makini huosha injini, huiwasha, kisha hutafuta chanzo kuanzia juu, kwa kuwa oil hutiririka na kulowesha sehemu nzima. Hukagua pia valvu ya kupumulia injini: ikiziba, presha hupanda na hata gasketi mpya itavuja.

Fedha nyingi hupotea kwenye kununua. Noah ya chesi SR40 hutumia injini ya 3S. Ya AZR60 hutumia 1AZ. Jina ni moja, gasketi haziingiliani. Kinyume chake, injini ya 1NZ imo kwenye IST, Probox na Allion za lita 1.5, na gasketi ile ile ya tapeti kava huingia zote. Mwenye duka anayepanga mzigo kwa jina la injini huhudumia magari mengi kwa mtaji mdogo.

Kwa mteja wa Babati, spea isiyopatikana mjini huagizwa Arusha au Kariakoo na kuletwa kwa basi. Ikija isiyofaa, nauli ya kifurushi inalipwa mara mbili na gari linazidi kulala gereji. Bidhaa bandia nazo zipo, ingawa Tume ya Ushindani (FCC) na Shirika la Viwango (TBS) huzisaka; gasketi ya bei chee isipostahimili joto, ufundi unalipwa upya.

Wenye maduka waandike kwenye risiti namba ya chesi na jina la injini, ili spea isiyoingia irudishwe bila ugomvi. Mafundi waliojifunzia kazini watumie mpango wa mamlaka ya ufundi stadi (VETA) wa kurasimisha ujuzi wapate vyeti. Nawe mwenye gari, pima oil kila wiki: gasketi ni gharama ndogo, injini iliyokauka oil ni mtaji uliopotea.