Tambi za Dakika Kumi

Mwezi wa Ramadhani, katika baraza ya msikiti, sisi wanaume tulicheka: "Tambi za dakika kumi, kwetu huanza Alasiri!" Jioni moja tukaachiwa jiko. Kumbe tambi huvunjwavunjwa, hukaangwa zikigeuzwageuzwa, hutiwa maji, sukari na iliki, kisha hufunikwa kwa moto mdogo hadi zikauke. Huku uji wafurika, mtoto alia. Adhana ya Magharibi ikatukuta na sufuria iliyoungua. Wake zetu hawakutucheka. Abu Hurayra (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) hakupata kamwe kukitia ila chakula: akikipenda hukila, asipokipenda hukiacha. Ikiwa chakula hakitiwi ila, seuze mpishi aliyefunga kama sisi? Mzaha na ubaki, lakini tukacheke jikoni, huku tukikuna nazi.