Jirani Mwenye Mkataba wa Kazi

Mwaka 2015 pekee Ujerumani ilipokea watu wapatao 890,000 waliotafuta hifadhi, na Wasyria walikuwa kundi kubwa kuliko yote. Nchi hiyo haikuwa na mikono mitupu. Tangu 2005 ina kozi rasmi kwa wahamiaji, ambayo leo kwa kawaida ni saa 700: 600 za lugha na 100 za sheria, historia na maisha ya nchi. Lakini kozi humfaa anayeweza kufika darasani. Mama mwenye kichanga, ambaye hajapata nafasi ya chekechea na aliyeachana na mama, dada na mashangazi waliokuwa wakimpokea mtoto kule Aleppo au Homs, hubaki ndani. Barua za serikali humfuata hukohuko kwa lugha asiyoisoma, nyingi zikiwa na siku ya mwisho ya kujibu. Mama huyu anahitaji mtu wa kumbishia hodi. Naamini mtu huyo anapaswa kuwa mwanamke aliyepita njia hiyohiyo, tena awe analipwa mshahara, si shukrani.

Ushahidi uko Neukölln, wilaya ya Berlin yenye wakazi zaidi ya 300,000. Mwaka 2004 ulianzia hapo mradi wa Stadtteilmütter, yaani akina mama wa mtaa. Wanawake wahamiaji, wengi wao wasemaji wa Kituruki na Kiarabu waliokuwa hawana ajira, walifunzwa kwa miezi kadhaa kuhusu malezi, afya, shule na haki za familia. Kisha wakajifunga skafu nyekundu na kwenda kutembelea nyumba za wenzao, ziara zipatazo kumi kwa kila familia. Mbele ya ofisa, mgeni huitikia ndiyo ili mazungumzo yaishe. Mbele ya mwanamke anayekunywa naye chai na kuzungumza lugha yake, huthubutu kuuliza kwa nini mtoto wake wa miaka mitatu hajaanza kusema, au afanye nini mume anapozuia pesa.

Wapo wanaohofia kwamba msaada kwa Kiarabu utamfungia mgeni miongoni mwa Waarabu wenzake, asijue Kijerumani kamwe. Historia ya Berlin yenyewe yaonyesha vinginevyo. Wapalestina na Walebanoni wengi waliofika wakikimbia vita vya Lebanoni, vya 1975 hadi 1990, waliishi miaka mingi kwa vibali vya kuvumiliwa tu, huku wakiwekewa vizuizi vya kufanya kazi. Kilichowatenga ni sheria. Lugha ya mama haikuwa na hatia. Mama wa mtaa, kwa upande wake, ndiye anayemwonyesha mwenzake mlango wa chekechea na wa darasa la lugha.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa wanawake wenyewe. Mtaa unaokusaidia ndio huohuo unaokuchunguza: siri ya ndoa ikimfikia jirani asubuhi, jioni iko kwa wakwe. Hofu hiyo ni ya kweli, na ndiyo inayonifanya nisisitize malipo. Jirani wa hisani hana wa kumwajibisha. Mwenye mafunzo, mkataba na msimamizi anafungwa na wajibu wa kutunza siri, na akiuvunja anaweza kupoteza kazi. Kuna pia watakaosema ujirani haununuliwi. Akina mama wa pwani yetu wanaocheza upatu, kama Waarabu wanavyocheza jam'iyya yao, wanajua kusaidiana bila mshahara. Upatu, hata hivyo, huzunguka kwa walio na cha kutoa. Kusindikiza familia ngeni hospitalini, shuleni na ofisini ni kazi ya kutwa, na ikiachwa kwa hisani humwangukia mwanamke ambaye naye ana kodi ya nyumba ya kulipa.

Kwa miaka mingi akina mama wa Neukölln walitegemea fedha za mipango ya muda ya ajira: mpango ukiisha, mwanamke aliyeaminiwa na familia chungu nzima alirudi kwenye foleni ya wasio na kazi. Tangu 2020 Berlin imeufanya mradi huo kuwa mpango wa jimbo zima, wenye ajira za kawaida na bima ya jamii. Kinachodaiwa sasa ni ngazi ya kupandia: saa za ziara za mama wa mtaa zihesabiwe kuwa uzoefu wa kitaaluma, ili akitaka kusomea ustawi wa jamii asianzie sifuri.