Umeme ukikatika, resho haijazimika

Kalima ni mji wa kasiteriti, na umeme wake ulikuja pamoja na mgodi. Symétain ilijenga santrali ya mayi kwenye mto Lutshurukuru ili mashini zitembee, na waya zikafika mpaka kwenye nyumba za wafanyakazi. Ndiyo maana hapa kwetu mama mmoja anapika sombe kwenye resho ya umeme, na jirani yake anapuliza makala kwenye mbabula. Lakini wote tunajua: umeme unakuja, umeme unakwenda. Hatari ya kusafisha resho inatoka pale.

Tuseme wali umefura, mayi yake yamemwangika juu ya resho, na saa ile ile umeme unakatika. Mama anaona ni nafasi nzuri. Resho haina wekundu tena, basi anabeba kitambaa chenye mayi na kuanza kupanguza. Fishi ingali kwenye prizi. Umeme hautapiga hodi kabla ya kurudi.

Kwenye resho nyingi za sokoni, ule waya uliojikunja, rezistansi, uko wazi. Umeme unapita ndani yake bila kifuniko. Kitambaa chenye mayi, kijiko cha chuma, chini ya sufuria ya aluminiamu: vyote vinaweza kuuleta mpaka kwenye mukono. Na mwenye kusimama miguu mitupu juu ya simenti yenye mayi anaufungulia njia ya kushuka mpaka chini.

Watu wengi wanasema: mimi nazima kwa butoni. Haitoshi. Mara nyingi butoni inakata waya mmoja tu kati ya mbili, na fishi zetu zinaingia namna zote mbili. Ukiigeuza, butoni inaweza kukata ule waya mwingine, na rezistansi inabaki na umeme ingawa imepoa. Mimi mwenyewe nilipigwa hivyo, nikitosha punje ya muhogo kwa kisu, butoni ikiwa imezimwa. Mukono ulikufa ganzi mpaka jioni, na kile kisu sijakirudisha jikoni.

Basi kwanza mutoshe fishi kwenye prizi, muishike yenyewe, musivute waya. Muiweke mahali munapoiona. Halafu mungoje resho ipoe kabisa. Ile yenye sahani ya chuma inakamata moto wakati mrefu, hata nusu saa, na watoto hawajui hiyo juu haionyeshi rangi.

Resho ya rezistansi wazi hainawishwi. Muipindue, muigongegonge polepole, uchafu uanguke, kisha mupitishe brosi laini iliyo kavu. Ile sahani ya udongo inayoshika rezistansi inapasuka ikimwangiwa mayi baridi ingali moto. Ya sahani ya chuma ni rahisi zaidi: kitambaa kilichokamuliwa sana, sabuni kidogo, halafu kitambaa kikavu. Iwashwe dakika chache bila sufuria ili ikauke, na ikipoa mupake mafuta kidogo sana juu ya kutu. Petroli na esansi, hapana, hata tone moja. Na resho yoyote isiingizwe ndani ya beseni.

Rezistansi ikikatika, watu wanaisokota na kuiunga. Pale penye kiungo panapata moto kupita kiasi, na waya unakatika tena. Ni afadhali kununua nyingine.

Siku umeme unakatika katikati ya kupika, toa fishi mara moja, hata kabla ya kutafuta taa. Resho iliyosahauliwa inawaka yenyewe usiku, na kitambaa kilichowekwa juu yake kinawaka nayo.

Mutu akikamatwa na umeme, musimushike kwa mukono. Mukate dijonta au mutoshe fishi. Kama haiwezekani, musimame juu ya ubao mukavu na mumusukume kwa fimbo kavu ya muti. Asipopumua, mumupulizie pumzi na kumukandamiza kifua, huku mwingine anakimbia kuita muganga.