Fahamu: Kampuni ya gesi ya Oregon na shinikizo la mazingira

NW Natural, inayosambaza gesi katika jimbo la Oregon na sehemu ya jimbo la Washington nchini Marekani, ilianzishwa Portland mwaka 1859, enzi ambayo gesi ya taa ilitengenezwa kwa makaa ya mawe, na ilianza kusambaza gesi asilia, ile inayochimbwa ardhini, mwaka 1956. Kiini cha gesi hiyo ni methani, ambayo ikichomwa hutoa kaboni dayoksaidi, na ikivuja hupasha joto angahewa, katika miaka 20, zaidi ya mara 80 ya kaboni dayoksaidi ya uzito uleule.

Mwaka 2019 Oregon iliruhusu kampuni za gesi kununua gesi jadidifu, yaani methani inayokusanywa kutoka madampo, majitaka na samadi, kwa malengo ya hiari yanayopanda hadi asilimia 30 ifikapo 2050. Gesi hiyo hupita katika mabomba yaleyale, lakini wakosoaji husema kuwa ni ghali na haitoshi. Kampuni hiyo ilipinga pia mahakamani kanuni za jimbo za kupunguza gesijoto, ambazo zilibatilishwa Desemba 2023 kwa kasoro ya utaratibu na kupitishwa upya mwaka 2024.

Justin Palfreyman, aliyemrithi David Anderson katika uongozi wa kampuni mama mwaka 2025, alikuta imeshaingia katika huduma za maji na kununua kampuni ya gesi ya Texas, jambo linaloonyesha kwamba kutanua biashara hakujamaanisha kuiacha gesi.