Pima ekseli ya pedeli kabla ya kununua krenki

KRENKI mpya, yaani ile mikono miwili inayoshika pedeli za baiskeli, huvutia macho dukani. Lakini kinachoamua iwapo zitafaa ni kipuri ambacho mnunuzi hakioni: ekseli inayopita ndani ya bomba fupi lililo chini kabisa ya fremu.

Kwa mwendeshaji wa boda boda ya baiskeli kule Busia au Kisumu, kukosea hapa si hasara ya kipuri pekee. Vikombe vinavyoshikilia ekseli hiyo hufungwa kwa hesi, ile mikato ya mzunguko iliyochongwa ndani ya bomba. Kikombe kisicholingana nazo kikilazimishwa, huzila, na fremu iliyoliwa hesi ni shida kuiponya.

Kipimo cha kwanza ni upana wa bomba lenyewe, ukingo hadi ukingo, bila vikombe. Baiskeli nyingi zina milimita 68, nyingi za milimani zina 73 na za Kiitalia 70. Milimita mbili hazionekani kwa macho, kwa hivyo fundi asiyekuwa na kalipa anabahatisha tu.

Cha pili ni hesi. Zilizoenea zaidi ni za Kiingereza, zenye kipenyo cha inchi 1.37 na mikato 24 kwa kila inchi. Za Kiitalia ni za milimita 36, na kikombe cha Kiingereza kitapwaya humo. Baiskeli ndogo za watoto zenye krenki ya chuma kimoja kilichopindwa aghalabu hazina hesi kabisa. Vikombe vyake hugongewa ndani.

Upo mtego unaowanasa hata mafundi wazoefu. Katika mtindo wa Kiingereza, kikombe cha upande wa mnyororo hufunguliwa kwa kukizungusha kufuata akrabu za saa, kinyume cha parafujo ya kawaida. Anayekizungusha kwa mazoea huwa anakikaza, kisha hulaumu kutu.

Raleigh kongwe zilizoundwa Nottingham, Uingereza, zina hesi zake za pekee: mikato 26 kwa kila inchi. Kikombe cha mikato 24 huanza kuingia vyema, halafu kikakwama. Hapo ndipo spana ndefu huletwa na uharibifu huanza. Mwenye Raleigh ya urithi asikubali vikombe vyake vitupwe ikiwa bado ni vizima. Mara nyingi inatosha kubadilisha gololi na ekseli.

Kipimo cha tatu, urefu wa ekseli, ndicho kinachosumbua zaidi, kwa sababu hutegemea krenki kuliko fremu. Ekseli zenye ncha za mraba huuzwa kwa urefu wa kuanzia takriban milimita 103 hadi 127. Ikiwa fupi mno, krenki au gia ya mbele hukwaruza fremu. Ikiwa ndefu mno, gia husogea nje, mnyororo hukaa mshazari, ukapiga kelele na kula meno.

Hesabu yake si ngumu. Kwa baiskeli ya gia moja, kama Black Mamba, pima umbali kutoka katikati ya fremu hadi kwenye meno ya gia ya nyuma. Meno ya mbele yanapaswa kuwa katika umbali huo huo. Ekseli iliyo sawa pande zote ikizidi kwa milimita 4, gia ya mbele husogea nje kwa milimita 2 tu, kwani ziada hiyo hugawanywa pande mbili.

Ncha nazo zitazamwe. Mraba wa Kijapani ni mnene kidogo kuliko ule wa Kiulaya, hivyo krenki ya Kijapani ikitiwa kwenye ekseli ya Kiulaya huzama kupita kiasi. Krenki zinazofungwa kwa pini ya kupigilia zina suala lao: kuna pini za milimita 9.5 na za 9, na iliyo nyembamba italegea hata ikigongwa vipi.

Krenki za kisasa za Shimano, zilizoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 2000, huja na ekseli yake ya kipenyo cha milimita 24, na beringi zake hukaa nje ya bomba. Urefu hauchaguliwi tena, ila upana na hesi za fremu bado hupimwa vile vile.