Kutoka Jukwaani hadi Amri ya Gavana: Lugha ya Maangamizi katika Vita vya Wamormoni vya Missouri, 1838

Makala haya yanachunguza nafasi ya maneno machache katika ugomvi wa majirani uliogeuka vita katika jimbo la Missouri, Marekani, kati ya mwaka 1833 na 1838. Upande mmoja walikuwa Wamormoni, wafuasi wa kanisa lililoanzishwa na Joseph Smith mwaka 1830 katika jimbo la New York. Upande wa pili walikuwa walowezi waliowatangulia kufika katika eneo hilo, ambalo wakati huo lilikuwa ukingo wa magharibi wa makazi ya Wamarekani weupe. Ardhi, kura, dini na utumwa vyote vilichangia. Hata hivyo, tunadai kwamba swali la nani aitwe mwanamgambo na nani aitwe mhuni, pamoja na swali la kitenzi gani kitumike kueleza kumwondoa jirani, yalikuwa sehemu ya vita vyenyewe.

Urithi wa nani?

Mwaka 1831 Smith alitangaza kwamba Sayuni itajengwa katika kaunti ya Jackson, karibu na mji wa Independence. Waumini walianza kuhamia huko na kununua mashamba, na katika mazungumzo yao waliiita ardhi hiyo urithi. Kwa muumini, neno hilo lilitoka katika Biblia na halikumtisha mtu. Kwa mkulima aliyekwisha kufyeka msitu na kujenga nyumba, kusikia mgeni akiiita nchi hiyo urithi wake kulikuwa sawa na kupewa notisi ya kuhama. Katika malalamiko waliyoyaandika Julai 1833, wakazi walitaja waziwazi hofu ya kunyang'anywa ardhi kwa jina la Mungu.

Mwezi huohuo gazeti la Wamormoni lilichapisha makala kuhusu sheria za Missouri juu ya watu weusi huru. Missouri lilikuwa jimbo la utumwa, na wakazi waliyasoma makala hayo kama mwaliko kwa watu hao kuhamia jimboni. Mhariri alitoa haraka toleo la ziada kukanusha nia hiyo. Halikusaidia kitu. Tarehe 20 Julai 1833 umati ulibomoa nyumba ya uchapaji, na kufikia Novemba Wamormoni walikuwa wamefukuzwa na kuvuka mto Missouri kuingia kaunti ya Clay.

Mwaka 1836 bunge la jimbo liliunda kaunti mpya ya Caldwell kwa ajili yao, makao makuu yakiwa Far West. Majirani walichukulia kwamba Wamormoni wangebaki humo. Wahamiaji walipoongezeka na kuenea hadi kaunti za Daviess na Carroll, upande mmoja uliona ahadi imevunjwa, na upande mwingine uliona raia wanatumia haki yao ya kuishi popote. Washauri wa sera watautambua udhaifu wa suluhisho hilo: makubaliano ambayo kila upande uliyakumbuka kwa namna yake.

Genge au wanamgambo?

Tarehe 6 Agosti 1838, siku ya uchaguzi, Wamormoni walizuiwa kupiga kura mjini Gallatin, kaunti ya Daviess, na mapigano yakazuka. Tangu hapo kila upande ulijikusanyia silaha, na hapa ndipo istilahi zilipoanza kuamua uhai wa watu. Jimbo halikuwa na jeshi la kudumu. Wanaume wa kila kaunti walikuwa wanamgambo waliotakiwa kuitika wakiitwa na wakubwa wao. Kwa hiyo mtu aliyechoma ghala la jirani yake leo angeweza kesho kuitwa kulinda amani, akiwa na bunduki ileile na farasi yuleyule. Wamormoni wa Caldwell nao walikuwa na kikosi chao halali cha jimbo. Kando yake, tangu Juni 1838, kulikuwa na kundi la siri lililojulikana kama Wadani, ambalo kwanza liliwalenga waasi wa ndani ya kanisa.

Mfano ulio wazi zaidi ni pigano la Mto Crooked, alfajiri ya tarehe 25 Oktoba 1838. Wiki iliyotangulia Wamormoni wenye silaha walikuwa wameivamia Gallatin na kuchoma majengo. Kapteni Samuel Bogart alipewa idhini na jenerali wake kulinda mstari kati ya kaunti za Ray na Caldwell. Habari zilizofika Far West zilisema kwamba genge limewateka Wamormoni kadhaa. Kwa agizo la hakimu wa kaunti, kikosi kikiongozwa na David Patten kilitoka kwenda kuwaokoa. Patten na wenzake wawili waliuawa, na upande wa Bogart ukapoteza mtu mmoja.

Machoni mwa Wamormoni, walikuwa wamelishambulia genge, kitendo cha kujilinda. Kisheria, walikuwa wamewashambulia wanamgambo wa jimbo, na jina la kitendo hicho ni uasi. Kana kwamba hilo halikutosha, taarifa zilizomfikia gavana Lilburn Boggs zilidai kwamba kikosi kizima cha Bogart kimeangamizwa.

Neno moja, vinywa viwili

Neno la maangamizi halikuanzia kwa Boggs. Mnamo tarehe 4 Julai 1838, siku ya uhuru wa Marekani, Sidney Rigdon, msaidizi mkuu wa Smith, alihutubia umati mjini Far West. Alionya kwamba genge lolote litakalowajia Wamormoni tena litakuwa limeanzisha vita vya maangamizi, ambavyo vitaendelea hadi upande mmoja umalizike. Sentensi ilikuwa ya masharti: kama wakija. Hotuba ilichapwa kama kijitabu, na majirani walioisoma waliibeba nomino na kuliacha sharti. Wiki chache kabla ya hapo Rigdon alikuwa ametoa mahubiri kuhusu chumvi iliyopoteza ladha, akiegemea Mathayo 5:13, na waasi waliolengwa walikimbia Far West. Wasikilizaji walikuwa na sababu ya kuamini kwamba akisema jambo, litafuatwa na vitendo.

Tarehe 27 Oktoba gavana Boggs alitoa amri inayojulikana kama Amri ya Kiutendaji Na. 44. Ilieleza kwamba Wamormoni ni maadui na kwamba lazima waangamizwe au wafukuzwe kutoka jimboni. Siku tatu baadaye, tarehe 30 Oktoba, watu wenye silaha walishambulia kijiji cha Haun's Mill na kuwaua Wamormoni 17, akiwemo mvulana wa miaka 10. Kuna shaka kubwa kama washambuliaji walikuwa wameiona amri hiyo. Kwa mtafiti wa lugha, shaka hiyo haipunguzi uzito wa neno: lilikuwa limezunguka kaunti hizo tangu Julai, na gavana alilipa tu muhuri wa serikali.

Far West ilisalimu amri. Jenerali Alexander Doniphan alikataa agizo la mkubwa wake la kumpiga Smith risasi, akiliita mauaji. Jambo la kuzingatia ni kwamba mwanajeshi huyo aliyekuwa pia mwanasheria alikataa jina lililopewa kitendo kabla ya kukataa kitendo chenyewe. Majira hayo ya baridi maelfu ya Wamormoni walihamia Illinois.

Kulitafsiri neno hilo

Watetezi wa Boggs huegemea etimolojia: kitenzi alichokitumia kina mzizi wa Kilatini unaohusu mpaka, na maana yake ya kale ni kumtoa mtu nje ya mipaka. Mfasiri wa Kiswahili anayekubali hoja hiyo ataandika "wafukuzwe" na kuishia hapo. Tunaona huko ni kupotosha. Amri ina kiunganishi "au" kati ya kitenzi hicho na kile cha kufukuza, na kama viwili hivyo vingekuwa na maana moja, kiunganishi kisingekuwa na kazi. Isitoshe, katika hotuba ya Rigdon neno hilohilo linaambatana na umwagaji damu, na hicho ndicho kilichokuwa masikioni mwa watu mwaka huo. "Kuangamiza" ndiyo tafsiri sahihi.

Amri hiyo ilibatilishwa rasmi na gavana Christopher Bond tarehe 25 Juni 1976, kwa maelezo kwamba ilikiuka haki za uhai, uhuru, mali na dini. Ilikuwa imedumu katika kumbukumbu za jimbo kwa karibu miaka 138.