Je, Wajua Kwa Nini Faili la Mtandaoni Huchelewa Kubadilika?

Faili likishabadilishwa kwenye seva, kompyuta nyingine ya mtandao huohuo yaweza kuendelea kulionyesha lilivyokuwa. Katika NFS, mfumo wa mafaili uliobuniwa na Sun Microsystems ya Marekani katika miaka ya 1980, hilo si hitilafu. Kila kompyuta hujiwekea nakala kwenye kache, yaani hifadhi yake ya muda, ili isiisumbue seva kila mara. Linux, isipoagizwa vingine, huziamini taarifa za faili, kama ukubwa na saa ya kubadilishwa, kwa sekunde 3, na lisipobadilika huongeza muda huo hadi 60. Kinga ni kwamba anayeandika akifunga faili, mabadiliko hufika kwenye seva, na kompyuta ya anayelifungua baadaye huiuliza seva kwanza kama limebadilika.

Kwa maoni yangu uamuzi huo wa kuiamini kache kwa muda ni wa busara, kwa sababu uhakika kamili una bei. Toleo la kwanza la AFS, mfumo wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, liliuliza seva kama faili limebadilika kila lilipofunguliwa. Vipimo vilionyesha kuwa maswali hayo ndiyo yaliyokuwa sehemu kubwa ya kazi ya seva. Wataalamu wakageuza utaratibu: seva iahidi kutoa taarifa faili likibadilika. Mtu atauliza, kwa nini basi wote wasifanye hivyo? Kwa sababu seva yenye ahadi lazima izikumbuke, na ikizimika ghafla hupoteza kumbukumbu hiyo. Seva ya NFS ya awali haikukumbuka mteja yeyote. Ikiwaka tena, wateja walirudia maombi yao na kazi ikaendelea. NFS toleo la 4 hutoa ahadi za namna hiyo, lakini kwa muda maalumu unaopaswa kuhuishwa.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaoandika kwa pamoja. NFS haina amri ya kuongeza maneno mwishoni mwa faili: kompyuta hukisia mwisho uko wapi, kisha huandika hapo. Mbili zikifanya hivyo kwa wakati mmoja, moja hufuta maandishi ya nyingine. Hapo kuzima kache hakusaidii, kunapunguza kasi tu. Dawa ni kufuli la faili, yaani kibali cha kuliandikia kwa zamu, ambalo Linux inapolipata huhakiki kache upya, na inapoliachia huwa imeshapeleka maandishi kwenye seva. Kwa hiyo wewe unayeandika programu ya kompyuta nyingi zinazochangia faili moja, chukua kufuli kabla ya kusoma, usingoje hadi wakati wa kuandika.